Umbo la Tatu: Vile Neno "Occupied" Lilivyomeza Ardhi Yetu

Leo nataka tuongee sarufi ya Kiingereza. Usikimbie kwanza. Najua wengi wetu tulimaliza KCSE tukaapa kwamba hayo mambo yamekwisha, lakini kuna kipande kimoja cha hiyo sarufi ambacho kilihusika na shamba la babu yako, na bado kinahusika na ile ploti unayolipia pole pole. Kwa hivyo vumilia kidogo.

Unakumbuka lile jedwali la ubaoni? Safu tatu: go, went, gone. Take, took, taken. Steal, stole, stolen. Mwalimu anaonyesha kwa rula, darasa zima linaimba. Safu ya kwanza ilikuwa ya leo, ya pili ya jana. Na ya tatu je? Tuliambiwa tu kwamba inaitwa "past participle", tukakariri, tukaendelea na maisha. Mimi hapa nitaiita umbo la tatu, maana ndivyo wengi tunavyoikumbuka.

Shida imeanzia kwa hilo jina. Ukisikia "past" unadhani umbo la tatu ni la wakati uliopita. Si kweli. Likibandikwa nyuma ya nomino kuonyesha kitu kimetendwa, umbo hilo halina wakati wake lenyewe. Angalia hapa:

"Phones stolen last year were never found."
"Phones stolen here are sold downtown."
"Any phone stolen tomorrow will be replaced."

Neno ni lile lile, stolen. Halijabadilika hata herufi moja. Lakini wizi wa kwanza ulitokea mwaka jana, wa pili unatokea kila siku, na wa tatu hata haujatokea. Sasa huo wakati umetoka wapi? Umetoka kwa maneno jirani: kitenzi kikuu cha sentensi, ama neno kama "last year" na "tomorrow". Umbo la tatu linaazima wakati kwa wengine. Likinyimwa, linabaki likielea, na ni msomaji atakayeamua lilimaanisha lini.

Jaribu kusema hivyo kwa Kiswahili uone vile utabanwa. Simu iliyoibwa. Simu inayoibwa. Simu itakayoibwa. Ile -li-, -na- na -taka- zinakudai jibu kabla hata hujamaliza neno. Tusidanganyane lakini, hata Kiswahili kina mwanya wake. Tuna "simu iibwayo", ambayo haina wakati, na hutumika sana kwa methali na maandishi rasmi. Na ukisema "mlango uliofungwa" bado mtu anaweza kuuliza kama sa hii umefungwa ama ulifungwa tu zamani. Ila kwa kawaida, mzungumzaji wa Kiswahili anaulizwa "lini?" na lugha yenyewe. Kiingereza kinamruhusu kupita bila kujibu.

Weka hilo akilini, sasa twende kwa historia.

Tarehe 15 Juni 1895, Uingereza ilitangaza nchi hii kuwa chini ya ulinzi wake. Ulinzi, si umiliki. Hiyo tofauti iliwasumbua mapema. Reli ilikuwa inajengwa kutoka Mombasa kwenda ziwani, pesa nyingi zilikuwa zimezama, na walitaka walowezi waje walime ili reli ipate mizigo. Lakini utamuuziaje mtu shamba ambalo wewe hukulinunua, na ambalo ulikuja tu kulilinda?

Desemba 1899, mawakili wa serikali kule London wakatoa jibu. Walisema kwamba kwenye nchi za aina hii, ambazo kwa macho yao hazikuwa na serikali inayoeleweka, Malkia ana mamlaka juu ya ardhi ambayo ni "waste and unoccupied". Yaani ardhi iliyo bure na isiyokaliwa.

Hapo ndipo umbo la tatu lilipoingia kwa mambo yetu ya ardhi. Unoccupied. Sawa, isiyokaliwa, lakini lini? Leo? Msimu huu? Tangu zamani? Neno halisemi.

Na kutosema huko kulikuwa na uzito. Miaka ile ile ambayo mawakili walikuwa wanaandika, sehemu za kusini za nchi ya Wakikuyu, pale tunapoita Kiambu leo, zilikuwa zimepigwa na njaa kali pamoja na ndui. Kabla ya hapo, sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe. Watu wengi walikufa. Wengine walirudi kaskazini kwa jamaa zao upande wa Murang'a, wangojee mambo yatulie. Mashamba yakaota magugu. Walowezi walipoanza kuja kwa wingi mwaka wa 1903 na kuendelea, waliona vichaka wakasema hii haina mwenyewe. Ardhi ambayo ilikuwa imekaliwa jana, na ambayo wenyewe walipanga kuirudia kesho, ikaandikwa kwa picha ya siku moja mbaya.

Kwa wafugaji ilikuwa vivyo hivyo. Mmaasai hakai mahali pamoja mwaka mzima. Malisho ya kiangazi yanaachwa wakati wa mvua ndiyo yapone. Ukipita hapo mwezi ambao si wake, utaona nyasi na wanyama pori tu. Je, hiyo ardhi ni "unoccupied"? Ukimuuliza mwenye ng'ombe kwa lugha yake, atakujibu kwa misimu.

Mwaka wa 1902 ikaja sheria ya kwanza kubwa, Crown Lands Ordinance, yaani Sheria ya Ardhi za Mfalme. Nataka uisome kama mwanafunzi wa sarufi. Sheria hiyo ilisema Kamishna asiuze wala asikodishe ardhi iliyo katika "actual occupation" ya wenyeji. Ukisoma haraka unaweza kusema, si hiyo ni nzuri, watu wamelindwa. Ngoja kwanza. Kifungu kingine kilimruhusu kukodisha eneo lenye vijiji vya wenyeji ndani yake bila kuvitenga kwa mipaka. Vijiji hivyo vingehesabiwa kuwa nje ya mkataba, lakini kwa muda ule tu ambao bado vinakaliwa kwelikweli. Siku vikiacha kukaliwa, ardhi hiyo inamwendea aliyekodisha. Bila kununua tena, bila kuuliza mtu.

Umeona walichofanya? Walijua vizuri sana kwamba "occupied" halina wakati. Wakaliongezea "actual" na "so long as" ndiyo wakati uwe mmoja tu: sasa. Ukienda kwa shemeji miaka miwili kwa sababu ya njaa, umepoteza. Ukihamisha mifugo, umepoteza. Haki yako inaishi siku kwa siku, kama kibarua.

Kwa upande wa Mfalme, wakati haukubanwa hivyo. Amri ya 1901 iliyotangulia sheria hii ilipoeleza ardhi za Mfalme ni zipi, ilihesabu zile ambazo zimepatikana tayari na zile ambazo huenda zikapatikana baadaye. Wakati uliopita na wakati ujao, vyote viwili, vimeandikwa wazi. Kwa hivyo usiniambie Kiingereza hakina namna ya kuonyesha wakati kwenye kauli ya kutendwa. Kinayo. "Have been acquired", "may be acquired", "shall have been acquired". Wakitaka wanaonyesha. Kwa Mfalme walionyesha, kwa mwenyeji wakaubana.

Halafu ikaja 1915, na hapa ndipo mimi hushangaa kila nikisoma. Sheria ya Ardhi za Mfalme iliandikwa upya. Walowezi sasa wakapewa mikataba ya miaka 999, kutoka 99 ya sheria ya kwanza. Hesabu mwenyewe: mkataba wa 1915 ungeisha mwaka wa 2914. Na maana ya ardhi ya Mfalme ikapanuliwa. Sasa ilijumuisha pia ardhi zote "occupied by the native tribes" na ardhi zote "reserved" kwa matumizi yao.

Soma tena. Neno ni lile lile, occupied. Mwaka wa 1902, ardhi ikiwa occupied ilikuwa haiuzwi. Mwaka wa 1915, ardhi ikiwa occupied ni mali ya Mfalme. Lile neno lililokuwa ua likageuka kuwa mtego. Na safari hii hawakuweka "actual", hawakuweka "so long as". Waliliacha uchi. Kwa nini? Kwa sababu sasa walitaka lifike kila mahali: ardhi iliyokaliwa, inayokaliwa na itakayokaliwa. Walipotaka kukupa haki, walibana wakati. Walipotaka kukunyang'anya, waliufungulia.

Tunapofundishwa kauli ya kutendwa, tunaambiwa hatari yake ni kuficha mtendaji. "Mistakes were made", makosa yalifanyika, na hakuna anayejua na nani. Ni kweli, wanasiasa wanaipenda kwa sababu hiyo. Lakini ile sentensi ya 1915 inatufunza kitu kingine. Kwenye "occupied by the native tribes" mtendaji ametajwa mchana kweupe: ni makabila ya wenyeji. Kilichofichwa ni wakati. Kwenye "reserved", kwa upande mwingine, vyote viwili vimefichwa. Zimetengwa na nani? Tangu lini, hadi lini? Hakuna jibu.

Na tuseme pia kuhusu kitenzi chenyewe. Hawakuandika "owned". Waliandika "occupied". Kukalia si kumiliki. Hata kiti cha matatu unakikalia, ukishuka si chako tena.

Kama unadhani nazidisha, angalia kilichotokea kortini. Mwaka wa 1920 nchi ikageuzwa kutoka eneo la ulinzi hadi koloni. Muda mfupi baadaye, mtu anayeitwa Isaka Wainaina alikuwa na kesi ya ardhi mbele ya Jaji Mkuu Barth. Wenyeji wawili upande huu na wenyeji upande ule, wanagombania shamba, kitu cha kawaida kabisa. Jaji akasoma sheria ya 1915 na amri ya kuunda koloni, akasema haki zote za wenyeji juu ya ardhi hiyo zimetoweka. Wamebaki wapangaji wa Mfalme, wanaokaa kwa hiari yake. Hakuna bunduki iliyofyatuliwa siku hiyo. Mtu alisoma tu sentensi.

Baada ya kelele nyingi, mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ikapitisha sheria nyingine ya kutuliza watu, Native Lands Trust Ordinance. Safari hii umbo la tatu lilipewa wakati wake: ardhi za wenyeji zimetengwa kwa ajili yao milele, "for ever". Wakati mrefu kuliko huo hakuna. Mwaka wa 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Mwaka wa 1932 sheria ikabadilishwa, serikali iweze kuondoa kipande cha hifadhi bila kuwapa wenyewe ardhi nyingine badala yake. Milele ikadumu miaka miwili.

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kukuna kichwa: "Sasa wewe unataka kutuambia sarufi ndiyo ilichukua ardhi? Si ni bunduki?" Ni swali la haki. Bunduki zilikuwepo. Wanandi walipigana miaka mingi hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Na mfano wa Kakamega unaonyesha kwamba hata ukiandikiwa wakati mzuri namna gani, mwenye nguvu anaweza kufuta. Sisemi kwamba walowezi wangerudi nyumbani kama Barth angeelewa umbo la tatu vizuri.

Ninachosema ni hiki. Bunduki inakuondoa shambani, lakini haiwezi kukaa pale miaka 50 ikikuzuia kurudi. Kazi hiyo inafanywa na karatasi. Wanajeshi wakishaenda, anabaki karani, anabaki hakimu, anabaki mpimaji wa ardhi, na wote wanafanya kazi na sentensi. Sentensi ikiwa na neno lisilo na wakati, mwenye mamlaka ndiye anayelijazia wakati anaoutaka.

Na hii si historia ya wazee peke yao. Fungua Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 63. Kinaorodhesha ardhi ya jamii, na ndani yake kuna ardhi za mababu pamoja na ardhi "traditionally occupied" na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Unaliona? Ni lile lile neno la 1899, la 1902 na la 1915. Lakini limeongezewa kielezi kimoja, "traditionally", na hicho kimebadilisha hesabu yote. Hakikuulizi kama uko pale asubuhi hii. Kinauliza historia yako na pale mahali ni ipi. Waliofurushwa wanaweza kusimama ndani ya hiyo sentensi. Kwa sheria ya 1902 wasingepata hata pa kuweka mguu.

Waulize Waogiek wa Msitu wa Mau kama hicho kielezi ni kitu kidogo. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke msituni. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya ardhi ya mababu zao. Juni 2022 mahakama hiyo hiyo ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao ipimwe na waandikiwe hati. Lakini Novemba 2023 familia za Waogiek zikafurushwa tena Mau. Kwa hivyo usiseme nimekuambia neno zuri linatosha. Halitoshi. Lakini leo wana kifungu cha Katiba na hukumu ya mahakama mkononi, vitu ambavyo Isaka Wainaina hakuwa navyo.

Mbona ninawaambia haya, na mimi si wakili? Kwa sababu mikataba yetu bado inaandikwa kwa Kiingereza. Mkataba wa kununua ploti, wa kukodisha duka, wa mkopo wa simu. Na imejaa umbo la tatu. Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe: "All improvements made on the premises shall belong to the landlord." Yaani ukarabati wote uliofanywa hapo ni wa mwenye nyumba. Made lini? Kabla hujaingia? Ukiwa ndani? Ile rafu na sinki utakayoweka mwaka ujao kwa pesa zako pia imo? Wewe ulisoma ukaona wakati uliopita, kwa sababu shuleni uliambiwa hilo umbo ni "past". Mwenye nyumba anasoma akiona nyakati zote. Na sentensi inamkubalia.

Kwa hivyo ukikutana na umbo la tatu kwenye karatasi ya kusaini, litafsiri kwa Kiswahili kichwani. Lazimisha ile -li-, -na- ama -taka- itokee. Ikikataa kutokea, ama zikitokea mbili zote zinafaa, hapo ndipo uliza. Lini? Na nani? Hadi lini? Mwambie aandike tarehe. Akikasirika kwa sababu umeuliza tarehe, hiyo nayo ni habari ya kutosha.

Na kwa walimu wa Kiingereza wanaonifuata hapa, nawaheshimu sana, lakini naomba kitu kimoja. Mkifika kwa safu ya tatu ya lile jedwali, msiwaachie watoto jina peke yake. Waambieni kwamba hilo neno halijui ni saa ngapi. Kisha waonyesheni ile sentensi ya 1915, wajue kuna watu walipoteza mashamba yao ndani yake.